Jembe la Bibi Zilpha Makaburini

Msimsikilize mchungaji anapowaambia kuwa makaburi ya Cane Fork yalianzishwa kwa sala. Yalianzishwa na bibi yangu, Zilpha Orrick, na baadaye akayapigania kwa jembe. Mimi ndiye wa kuyasimulia, maana yeye ndiye aliyemzaa baba yangu, na mabega haya mnayoyaonea wivu nimeyarithi kwake. Shule niliiacha mapema, ila mabega hayasomeshwi.

Alifika milima hii ya Arkansas na mumewe Hosea, kwa gari la maksai, wakati hata njia haikuwepo. Homa ikawachukulia watoto wawili. Hosea akawazika kilimani, kisha mti aliokuwa akiukata ukamwangukia, naye akalazwa kando yao. Majirani wakaanza kuleta wafu wao, na bibi hakumfukuza mtu.

Shida ilikuwa nguruwe. Kwetu nguruwe hutembea apendako. Mwenye chake ndiye hujenga uzio. Bibi akajenga. Jirani wa bondeni, Dock Tackett, jitu lenye shingo kama kisiki, akaubomoa upande mmoja ili nguruwe wake wapande kula matunda ya mialoni. Asubuhi moja bibi akakuta dume kubwa limefukua kaburi la bintiye Lettie, mpaka ubao wa jeneza unaonekana. Akalipasua kichwa kwa shoka. Akalikata masikio yenye alama ya Dock, akaenda kuyapigilia misumari mlangoni kwake.

Mchana Dock akapanda kilima, shoka begani.

"We Zilpha! Masikio ya nguruwe wangu yanafanya nini mlangoni kwangu?"

"Yanasikiliza, Dock. Wewe umeshindwa."

"Wafu hawali, mama. Nguruwe wangu wanakula. Uzio huu wote unalala leo."

"Gusa nguzo moja uone."

Akaiangusha. Bibi akamrukia, akamng'ang'ania ndevu. Dock akamtandika ubavuni kwa kisogo cha shoka, mbavu zikalia kama kuni kavu, bibi akaanguka juu ya kaburi la Hosea. Dock akacheka, akarudi kwenye nguzo zake. Hilo ndilo kosa: kumpa mgongo mwanamke wa ukoo wetu. Bibi akainuka na jembe lililokuwa kando ya kaburi la Lettie, akamshushia pale shingo inapokutana na bega. Dock akageuka kama mtu anayetaka kuuliza swali, damu ikaruka mpaka kwenye nguzo. Alikata roho kabla hajafika langoni.

Wanawe, Ferris na Lum, walipofika na bunduki, mama yao Mahala nyuma yao, walimkuta bibi ndani ya shimo lililomfika kiunoni. Ferris akampiga mdomoni kwa kitako cha bunduki, meno yakamwagika, kisha akamtia mtutu sikioni.

"Unamchimbia nani, mchawi wewe?"

"Baba yako."

"Baba anazikwa nyumbani!"

"Anazikwa hapa. Niue ukitaka, lakini yeye umlaze hapa."

"Mwanangu, mmalize!" Mahala akapiga kelele.

Bibi akatema damu. "Mahala, mkimpeleka nyumbani, kesho nguruwe wenu watarudi kumla Lettie wangu. Mkimwacha hapa, uzio mtaujenga nyie wenyewe. Haya, Ferris. Piga."

Mahala akautazama ule ubao wa jeneza, na nyayo za nguruwe juu yake. Akamtazama mumewe, nzi tayari wamemjaa shingoni. Akaushika mtutu, akausukuma chini.

"Mtoeni humo, hajui hata kuchimba," akasema. "Chimbeni nyie, kina kirefu. Na uzio usimame kabla ya giza. Na wewe Zilpha, nakuchukia mpaka kufa. Siku yako ikifika, usilazwe karibu na mume wangu."

"Nani anamtaka?" bibi akajibu, mdomo umevimba.

Wakamzika. Lum alipigilia mbao huku akilia, na bibi, ameshika mbavu kwa mkono mmoja, akamshikia nguzo kwa mkono wa pili. Jua lilipokuwa linatua, kundi la nguruwe wa akina Tackett likapanda kilima kama kawaida yake, jike kubwa mbele. Jike likaingiza pua kati ya mbao, upande wa udongo mbichi wa kaburi la Dock.

Ferris akaipachika bunduki begani, akalipiga risasi kati ya macho.