Matairi Mapya Tuliyoyapaka Matope

Jamani, leo nimemsaidia mume wangu kuchafua matairi mapya ya trekta yetu!

Mimi nilitaka yale ya bei nafuu.
"Mama Aline, ile ya rahisi itapasuka na mawe ya huku kwetu Gahanga," akasema, akachukua ya bei kali.
(Nyinyi mngechagua yapi? Semeni ukweli.)

Lakini siku hizi za vita, trekta yenye matairi mazuri inachukuliwa barabarani kwa kazi ya jeshi, na hairudi.

Basi tukayapaka matope na majivu mpaka yakaonekana makuukuu.
Nilicheka, kweli nilicheka.

Jioni mvua ikashuka.

Sasa yanang'aa uani, meusi tii, na nje lori moja la jeshi limepunguza mwendo.
Baba Aline ananong'ona: "Mama Aline, iko matope ingine?"