Reki Iliyonuka Rangi

Juzi, dukani Bunda, mwanamke alikuwa akijaribu kupinda meno ya reki kabla ya kununua, nikamkumbuka mama.

Tulikuwaga tunakusanya takataka za uani kwa matawi ya miiba. Alasiri moja baba, aliyekuwa mlinzi wa stoo ya kijiji, akaleta reki ya chuma, ikinuka rangi mbichi.

"Baba Nyangeta, umeitoa wapi?" mama aliuliza.

"Nimepewa."

"Stoo ya kijiji inagawaga reki siku hizi?"

Baba akavua kofia. Mama aliminya jino moja baada ya jingine, nami nikadhani anatafuta ubovu.

"Mama, ni imara!" nilimtetea baba.

"Naona, mwanangu."

Akaiweka begani, akapita nayo mbele ya majirani wote kuirudisha stoo. Baba alimfuata nyuma, kofia mkononi.