Busaa nyeusi ya zambarau niliyoinywa kwa kikombe, Kitale

Wakuu, nawasalimu wote, wakubwa kwa wadogo. Haya yalinipata mimi mwenyewe. Palipofifia kwenye kumbukumbu nimepaacha bila kupapamba.

Kwanza, hali ilivyokuwa.

Miaka ya hamsini nilikuwa mwalimu wa shule ya misheni mjini Kitale, kijana kutoka Bokoli, upande wa Bungoma. Nilikodi chumba upande wa Matisi.

Mwalimu akionekana kwenye pombe, kazi imekwisha. Hapakuwa na mjadala.

Wazungu walikuwa na klabu yao. Vibarua wa mashamba walikuwa na chungu chao cha pombe. Mimi nilikuwa na taa ya mafuta na kamusi ya Kilatini. Jumamosi nzima iliweza kupita bila mtu kulitamka jina langu.

Jirani yangu, Mama Nekesa, alikuwa mjane mpika busaa, pombe yetu ya nafaka. Lakini yake haikuwa busaa ya kila mahali. Unga uliochachuka aliukaanga hadi ukakaribia kuungua, na msimu wa zambarau ulipofika, aliziponda akazitia chunguni pamoja na kimea cha wimbi.

Harufu ilivuka ukuta ikanikuta kitabuni.

Kwa wasioijua desturi: kwetu chungu huwekwa katikati, wazee wakakizunguka, kila mmoja na mrija wake mrefu. Mrija hauazimwi. Mgeni hukatiwa wake na mmoja wa waliokaa. Akishakatiwa, ana mahali pake pale.

Alasiri moja nikaingia kwake.

Mzee Wafula, mlinzi wa ghala la mahindi, akanisogezea kigoda.

"Mwalimu! Leo vitabu vimekuachilia?"

"Napita tu, mzee."

"Kupita gani na umesimama? Kaa, nikukatie mrija."

Alikwisha kutoa kisu. Nikautazama mlango. Mwenye mrija mdomoni, niliwaza, hana la kujitetea. Mwenye kikombe aweza kusema ni uji.

"Naomba kwa kikombe," nikasema.

Mzee Wafula akakishusha kisu.

"Kikombe? Ati kama chai ya mzungu, bana?"

"Mwache," akasema Mama Nekesa. "Si anaogopa watu wa misheni."

"Na huo ulimi mweusi atauficha wapi?" akadakia mzee mwingine. " Mwalimu, wakikuuliza, sema umekula zambarau!"

Wakacheka, nami nikacheka. Lakini kisu kilirudi mfukoni.

Niliinywa nimesimama karibu na mlango.

Ilikuwa nyeusi, ila ukiinamisha kikombe penye mwanga, ukingo ulionyesha urujuani. Kwanza ulikuja uchachu. Kisha moshi wa unga. Kisha ukakasi wa lile tunda, unaokausha ulimi. Utamu ulifika mwisho, mdogo, baada ya kumeza.

Siku hizi vijana hutengeneza bia nyeusi za matunda na kuziuza kwa majina makubwa. Nimezionja kwa haki. Hakuna iliyoifikia.

Nilitamani kumwambia mtu juu ya ule utamu. Wenzangu, kama naweza kuwaita hivyo, walikuwa wamezama katika habari za ng'ombe wa mtu fulani, na migongo yao ilikuwa imenigeukia.

Nikarudisha kikombe, nikashukuru.

"Karibu tena, mwalimu," akasema Mama Nekesa, kama mtu anavyomwambia mteja.

Kazi sikuipoteza, na ndiyo iliyowasomesha wadogo zangu. Uamuzi wenyewe siulaumu. Nilichojifunza ni kwamba ladha, hata iwe bora namna gani, hutaka mtu wa pili wa kuithibitisha.

Sasa nauliza, hasa wenyeji wa Bungoma na Malakisi mliokaa kwenye chungu: aliyeukataa mrija mara moja, aliweza kuuomba tena? Mwenye kujua aniandikie hapa chini. Sikuwahi kupata wa kumwuliza.

Muhula uliofuata niliugua homa, nikalala ndani siku kadhaa. Kupitia ukuta niliwasikia wazee wa chungu wakicheka. Hakuna aliyebisha hodi.