Skrubu ya Nne

Ijumaa, tarehe kumi na tisa Julai, kabla hakujapambazuka, baba alifariki katika hospitali ya Ikonda. Redio yake ilikuwa juu ya kikabati kando ya kitanda, na ilikuwa na wiki tano haijatoa sauti. Ugonjwa uliomchukua baba haukuwa na mtu wa kulaumiwa. Ukimya wa redio ulikuwa naye, na mtu huyo ni mimi.

Nilikuwa na miaka kumi na saba. Shule niliiachia kidato cha pili, nikabaki nyumbani kwetu nje kidogo ya mji wa Njombe, nikilima viazi na mama na kuchezea vifaa vya umeme. Nasema kuchezea kwa sababu ndivyo walivyosema wote. Nilikuwa na daftari lenye michoro niliyoinakili kutoka kwenye simu ya binamu yangu, na kopo la maziwa lenye vipande nilivyong'oa kwenye redio mbovu, chaja zilizokufa na taa za sola zilizotupwa. Pasi ya kuchomelea sikuwa nayo. Nilikuwa na msumari wa inchi sita niliouchomeka kwenye gunzi la mahindi ili usiniunguze. Niliuweka kwenye makaa mpaka uwe mwekundu, halafu nikayeyusha risasi ya kuungia waya upesi kabla haujapoa. Kwa baridi yetu, unapoa upesi sana.

Shida haikuwa kujua, ilikuwa kupata. Kifaa kidogo kama punje ya harage, ukikiulizia dukani mjini, unaambiwa kinaagizwa Dar es Salaam, na hakiji kimoja, inakuja pakiti nzima. Mafundi nao hawauzi. Fundi mmoja wa sokoni alinieleza wazi.

"Binti, nikikuuzia kifaa leo, kesho utatengeneza redio ya jirani yako. Mimi nitakula nini?"

"Nataka kimoja tu."

"Basi niletee redio yenyewe, nikiweke kwa mkono wangu."

"Si redio. Naunda kipaza sauti."

"Anaunda," alimwambia mwenzake. "Mpishe fundi mkuu akae."

Wakacheka, wala si kwa ubaya. Lakini niliondoka nimeamua kwamba kipaza sauti changu kitalia, na kitalia palepale sokoni, mbele ya meza yao.

Kilichokosekana ni aisii moja, ile ya miguu minane inayokuza sauti. Niliulizia kwa kila mtu niliyejua ana redio mbovu darini. Sikuipata. Nilijua ilipo, lakini nilikuwa najifanya sijui. Ilikuwa ndani ya redio ya baba.

Baba alikuwa anaumwa tangu mwanzo wa mwaka na shambani alikuwa haendi tena. Alikaa kwenye kiti chake dirishani, koti limefungwa vifungo mpaka shingoni, redio magotini. Asubuhi taarifa ya habari, mchana salamu, jioni matangazo ya vifo. Sauti aliifungulia sana, na mama alimwambia kutoka jikoni, kila siku, maneno yaleyale: "Punguza, wengine tunaongea." Naye alipunguza, halafu akaongeza tena polepole akidhani hatusikii.

Siku niliyoamua kuichukua, alikuwa amelala chumbani. Nilifungua skrubu nne za mgongoni mwa redio, nikaitoa aisii kwa msumari wangu, nikafunga. Skrubu ya nne ilinidondoka. Nilipapasa sakafuni kando ya kiti chake, kwenye nyufa za saruji, sikuiona. Nikaiacha redio na skrubu tatu. Nilijiambia naazima tu kwa siku mbili, niwaonyeshe wale mafundi, nirudishe.

Hakuna aliyewahi kukisikia kipaza sauti hicho. Waya zangu nilizihifadhi darini jikoni, juu ya moto, pamoja na mahindi ya mbegu, kwa sababu kwetu kitu usichotaka kiliwe na panya wala wadudu kinakaa huko. Moshi ulizipaka masizi. Waya nyekundu na waya nyeusi zikawa rangi moja. Kuzifuta lilikuwa jambo la dakika moja, sikuzifuta. Niliziunga kwenye betri ya pikipiki ya binamu, chanya kwenye hasi na hasi kwenye chanya, na aisii ikatoa moshi mwembamba wenye harufu ambayo mpaka leo nikiisikia popote nageuka kuangalia nyuma.

Jioni ya siku ileile baba aliwasha redio.

"Imekata," alisema.

Alitia betri mpya. Akazitoa, akazifuta kwenye koti, akazirudisha. Akaipiga kofi ubavuni, taratibu, kama unavyompiga mtoto mgongoni acheue.

"Itakuwa imechoka," alisema. "Tuko wawili."

Hapo ndipo nilipopaswa kusema. Nilisema, "Nitakutafutia kifaa, baba." Haukuwa uongo, na ndiyo maana ilikuwa rahisi kutamka.

"Utafute, mama," alinijibu. Aliniita mama kwa kuwa nimepewa jina la mama yake.

Fundi yule wa sokoni angeiponya redio kwa muda wa kunywa chai. Lakini alimfahamu baba, na kwa kufungua mgongo tu angeona kovu la msumari wangu kwenye bodi, kile kibao kinachoshika vifaa, angeuliza nani kafanya hivi. Kwa hiyo sikuipeleka. Wiki tano baba alikaa kwenye ukimya kwa sababu niliogopa swali la fundi. Nimejaribu kuiandika sentensi hii kwa namna nyingine, haiandikiki.

Redio hakuiweka chini. Ilikaa magotini kama kawaida, na ukifika wakati wa matangazo ya vifo alizungusha swichi. Ilitoa mlio mdogo, ta. Alisubiri kidogo, halafu akaizima, ta. Mama jikoni hakuwa na la kumwambia.

Nilisikia kwamba Makambako, kwa wanunuzi wa skrepa na vyuma chakavu, bodi kuukuu zinalala kwenye magunia zikisubiri malori. Mji ule uko njia panda, vitu vilivyokufa vya mikoa mingi vinapitia pale. Mara ya kwanza nilikwenda mwishoni mwa Juni. Upepo ulikuwa unasukuma mabati. Ng'ambo ya reli nilikuta uwanja umejaa fremu za baiskeli, friji zisizo na milango na matangi ya malori, na mama mmoja mwenye uwanja amefunga kitenge juu ya sweta, anapima nondo. Nilimwomba nipekue. Baada ya muda alikuja kunisimamia.

"Unatafuta nini humo, mdogo wangu? Dhahabu?"

"Aisii."

"Inaliwa hiyo?"

"Ni ya redio ya baba. Anaumwa."

Aliacha kucheka. "Sogea hapa kwenye ukuta, upepo haufiki. Na lile gunia la pale hujalifungua."

Nilipekua mpaka basi la mwisho la Njombe. Unalowesha kidole kwa mate, unafuta vumbi, unasoma namba. Namba ikikosea tarakimu moja, si yenyewe. Siku hiyo sikuipata. Baba aliniuliza nilipoingia tu, "Kimepatikana?" Nikasema bado. Akasema, "Njia ni ndefu, pumzika."

Mara ya pili ilikuwa Jumatano, tarehe kumi na saba Julai. Yule mama alinikumbuka. Alikuwa ameniwekea pembeni boksi la spika za kompyuta zilizotoka ofisi fulani, na ndani ya bodi zake nilizikuta mbili, namba yenyewe, miguu yote minane. Nilipotaka kulipa alinisukuma mkono.

"Mpelekee mzee. Akipona aje anishukuru mwenyewe."

Nilirudi na aisii mbili kwenye kiberiti kitupu. Nyumbani nilimkuta baba mdogo, yule anayemfuata baba, amekaa peke yake kwenye ngazi.

"Tumempeleka Ikonda asubuhi," alisema. "Alizidiwa ulipoondoka. Mama yako yuko naye. Mimi narudi huko kesho alfajiri, twende wote."

Nilitazama kiti cha dirishani. "Redio iko wapi?"

"Kaenda nayo. Nilimwambia, kaka, hiyo imekufa, unaibebea nini? Akasema fundi wake atakuja na dawa yake."

Sikwenda naye. Nilimwambia atangulie, nitafuata Ijumaa. Nilimweleza kwamba aisii zimetoka skrepa, sijui kama ni nzima, nataka nizijaribu kwanza kwenye kipaza sauti changu nisije nikampelekea baba kifaa kibovu. Ilikuwa kweli, lakini si yote. Niliogopa kuifungua redio ile mbele ya macho yake. Baba mdogo alinitazama, akasema, "Haya, wewe ndiye unayejua mambo yako."

Alhamisi nzima nilikaa jikoni na msumari na makaa. Waya nilizifuta kwa kitambaa cha maji ya sabuni mpaka nyekundu ikawa nyekundu. Aisii ya kwanza ilikuwa imekufa. Ya pili, nilipogusa kwa kidole mguu unaopokea sauti, spika ilinguruma. Nilicheka peke yangu. Nikaichomoa polepole, nikaifunga kwenye karatasi, nikaitia mfukoni mwa gauni nililopanga kuvaa safarini. Baba wakati huo, mama aliniambia baadaye, aliuliza mara mbili kama gari la Njombe limefika.

Ijumaa alfajiri nilikuwa nimeshavaa. Simu iliita. Alikuwa baba mdogo.

"Usije," alisema. "Tunakuja sisi."

Kwetu msiba ukiingia redio hazifunguliwi, na majirani nao huzima za kwao au hupunguza mpaka zisisikike kwenye nyumba ya maombolezo. Redio ya baba ilirudi kwenye mfuko mmoja na blanketi na kikombe chake. Mtu aliitoa akaiweka juu ya rafu sebuleni, na siku zote za matanga ilikaa pale, juu ya vichwa vya wanawake walioimba. Aisii ilikuwa mfukoni mwangu. Siku ya pili, katikati ya wimbo, nilisikia mlio wa swichi. Ta. Nilitazama rafu. Hakuna aliyekuwa karibu nayo. Baada ya kitambo kidogo nikausikia tena. Labda ni bati linalojikunja kwa baridi. Naandika nilichosikia. Shangazi, dada yake baba, alinitazama, nikainamisha uso, akadhani nalia.

Siku ya kumaliza matanga wazee wa ukoo walikaa kugawa vitu vyake. Koti lilikwenda kwa baba mdogo, likampwaya, akacheka na kufuta macho kwa mkono wake. Viatu, jembe, kofia. Shangazi akauliza, "Na redio?"

"Mpeni fundi wake," baba mdogo alisema.

Watu walitabasamu. Nilipiga magoti, nikaipokea kwa mikono miwili. Hakuna aliyejua alikuwa anampa nani nini.

Kesho yake, wageni wote wameondoka, niliweka msumari kwenye makaa nikaigeuza redio. Mgongoni kulikuwa na skrubu nne.

Nilizihesabu kwa kidole. Tatu zilikuwa kama nilivyoziacha. Ya nne, ya kona ya chini, ilikuwa imekwaruzwa kichwani, kama imekazwa na mtu asiye na bisibisi.

"Mama," nilisema. "Hii skrubu."

Mama alikuwa anachochea moto. Alisogea akaangalia.

"Ya baba yako hiyo. Aliiokota chini ya kiti chake siku ileile redio ilipokata. Akakaa nayo mfukoni. Ameifunga kulekule Ikonda, kwa kisu cha kumenyea machungwa."

"Alisema nini?"

"Alisema kona ikiwa wazi vumbi linaingia."

"Basi?"

"Basi. Ulitaka aseme nini?"

Kisha mama akarudi kwenye moto wake. Mtu akiokota skrubu chini ya kiti chake, siku hiyohiyo redio inapokufa, anajua imefunguliwa. Na katika nyumba yetu mwenye kufungua redio alikuwa mmoja. Kila aliponiuliza "Kimepatikana?" ile skrubu ilikuwa mfukoni mwa koti. Alikuwa ananipa nafasi, nadhani, na mimi nikaiacha ipite kila siku kwa wiki tano. Au pengine hakuwaza lolote, aliogopa vumbi tu. Sina wa kumuuliza.

Nilizifungua zote nne. Ile ya kona ilinisumbua, alikuwa ameikaza sana. Aisii ilikuwa bado kwenye karatasi yake. Niliipanga miguu, nikatazama mara mbili alama ya mguu wa kwanza, nikayeyusha risasi mguu mmoja mmoja, msumari ukirudi kwenye makaa kila baada ya miguu miwili. Nikafunga. Skrubu ya baba niliifunga ya mwisho, kwa kisu.

Nikaipeleka redio dirishani, nikaiweka kwenye kiti, nikazungusha swichi. Ilianza kwa nguvu, kwa sauti ileile aliyokuwa ameiacha, mtu anasoma habari za bei ya mbolea.

"Punguza," mama alisema kutoka jikoni, "wengine tunaongea."

Nilichungulia. Alikuwa peke yake, amekaa kwenye kigoda, anamenya viazi.

Nikapunguza.