Nyimbo Alizomsingizia Marehemu

Attracta Gilhooly alitoa albamu yake ya kwanza akiwa na miaka hamsini na tisa, na aliyeshangaa kuliko wote ni yeye mwenyewe. Miaka thelathini na ushee amesimama nyuma ya kaunta ya duka la ushirika hapa Drumkeel, katika kaunti ya Leitrim, akiuza pumba, gambuti na dawa ya minyoo ya kondoo. Ukitaka dawa, hakuulizi kondoo wako ana kilo ngapi, anajua. Ukimwambia ana sauti nzuri, anakimbilia stoo kutafuta kitu ambacho hakipo.

Mimi ni jirani yake, na Jumapili mchana huwa napiga fidla katika baa ya Tiernan. Napiga vibaya lakini nawahi kufika. Pale tuna utaratibu wetu: mtu haimbi kabla hajasema wimbo wake kaupata kwa nani. Huu nimeupata kwa baba mkubwa, huu nimeupata kwa muuza nyama wa Mohill. Usiposema, watu wanakutazama kana kwamba umeingia nyumbani kwao bila hodi. Na ukisema umeutunga mwenyewe, basi umejimaliza. Hapa tunasamehe ulevi, tunasamehe hata ubahili, lakini mtu wa kujisikia hatumuwezi.

Attracta alikuwa anatunga. Alianza akiwa bado msichana, akiandika nyuma ya karatasi za oda za dukani. Jumapili ya kwanza Tiernan alipomwambia aimbe, woga ukamshika, akataja jina la kwanza lililomjia mdomoni: "Huu nimeupata kwa Bid Kerrigan." Bid alikuwa bibi wa kule mlimani, tulimzika mwezi uliotangulia, kwa hiyo asingeweza kubisha. Watu wakatikisa vichwa kwa heshima. Jumapili iliyofuata wakataka mwingine wa Bid, na Attracta akawapa.

Mimi Bid nilimjua. Sikuwahi kumsikia akiimbia hata kuku wake. Lakini tangu afe ameacha nyimbo kumi, na kuna mabwana wawili wenye ndevu walitoka Dublin kuja kuulizia habari zake.

Mwanawe wa pekee, Malachy, mfugaji, alifurahi mno. Alikuwa ameishi na mama yake miaka arobaini akidhani anamjua, kumbe kizee kilikuwa na hazina. Akachukua mistari miwili ya wimbo mmoja, ule wa lango, akaichongesha kwenye jiwe la kaburi: *Lango nimeliacha wazi, ukirudi usibishe hodi.* Kila akitoka misani hupita pale kung'oa majani, na huisoma kwa sauti. Nimemsikia.

Mambo yakaenda hivyo mpaka Lorcan, mpwa wake Attracta, aliporudi kutoka Galway na mitambo yake ya kurekodi, akaifunga katika banda la ng'ombe la zamani. Alimbembeleza shangazi yake majira yote ya baridi. Mwisho akakubali, wakarekodi nyimbo zote kumi, na ng'ombe wa jirani anasikika kwenye wimbo wa sita. Kikabaki kitu kimoja tu, jalada.

"Shangazi, kiwandani wanakochapa CD wanataka jina la mtunzi," Lorcan alisema. Tulikuwa jikoni kwa Attracta, watatu, tunakula mkate wa magadi.

"Andika Bid Kerrigan."

"Bid kafa lini?"

"Miaka thelathini sasa, Mungu amrehemu."

"Na wimbo wa nne unataja kipilefti cha barabara kule mjini Carrick. Kimejengwa kama miaka kumi tu iliyopita."

Attracta akapaka siagi upande mmoja wa mkate, akageuza, akapaka na wa pili. "Alikuwa anaona mbali," akasema.

Nilicheka mpaka chai ikanipalia. Tumeuimba wimbo huo miaka kumi, baa nzima, kipilefti na kila kitu, na hakuna hata mmoja wetu aliyeshtuka. Lakini Attracta hakucheka. Alikuwa anafuta machozi kwa kitambaa cha vyombo.

"Jina langu naweza kuliandika," alisema. "Waniite wa kujisikia, nitazoea. Ila nikilisema hili namnyang'anya Malachy mama yake. Ana lile jiwe tu."

"Na ukinyamaza?" nikamuuliza.

"Nikinyamaza ataendelea kusomea uongo wangu kaburini. Nipeleke kwake, kabla sijabadili nia."

Nikampeleka. Nilibaki garini, kioo nimeshusha, nasingizia joto, na ilikuwa mwezi wa Machi, baridi yetu bado kali. Malachy alisimama uani na ndoo ya maziwa ya ndama, akamsikiliza mpaka mwisho.

"Hata ule wa lango?" akauliza.

"Hata ule."

"Nimeuchonga kwenye jiwe, Attracta."

"Najua. Nilikuwepo, na nilinyamaza. Nisamehe."

"Ndama wana njaa," akasema Malachy, akaenda zake.

Wiki tano hakukanyaga dukani. Alikwenda kununua pumba Mohill, mji wa jirani, na hapa kwetu mtu akinunua pumba Mohill ni sawa na kudai talaka. Attracta akampigia simu Lorcan, akamwambia aandike jina la Gilhooly kwenye nyimbo tisa na wa kumi autoe kabisa. Lorcan alilalamika, kwa sababu ule ndio ulikuwa mzuri kuliko yote. Hakusikilizwa. Wimbo wa lango ukabaki jiweni peke yake.

Tulizindua albamu Jumamosi mchana katika ukumbi wa parokia, kwa chai na sandwichi za nyama ya nguruwe. Attracta aliimba zote tisa macho ameyafumba, na kila mara akatamka, kwa sauti ya mtu anayekiri polisi, kwamba ametunga mwenyewe. Hakuna aliyemcheka. Lorcan tu ndiye aliyeninong'oneza kwamba kumbe Bid hakuona mbali kitu.

Mwimbaji akimaliza, ni haki yake kumtaja anayefuata. Attracta akafumbua macho amtafute mtu, na nyuma kabisa mlangoni akamwona Malachy amesimama, kofia mkononi. Akayafumba tena. Basi Malachy akajitaja mwenyewe. Akaja mbele, mtu ambaye hajawahi kuimba hata kanisani, masikio mekundu, akageukia watu kama utaratibu unavyotaka.

"Huu nimeupata kwa Attracta Gilhooly, wa dukani," akasema. "Na mama naye aliupata kwake."

Akauimba wimbo wa lango mwanzo hadi mwisho, vibaya kuliko fidla yangu. Ukumbi wetu hauna stoo, kwa hiyo Attracta alibaki pale pale, akalia mbele yetu sote.