Jua la Kuanikia Michembe

Bibi Josepha hakumwamini hata padri. Kanisani alikwenda, kuungama aliungama, lakini padri alipopita kubariki nyumba alibarikia mlangoni, ndani hakuingia. Mimi jirani yake, Mama Benjamini, ninayetenganishwa naye na uzio wa miti tu hapa kijijini karibu na Isikizya, ndiye niliyekuwa wa kwanza kushukiwa. Kuku wake akitaga kichakani, macho yanakuja kwangu.

Sababu alikuwa nayo. Mjukuu wake Levina alizaliwa na ualbino, na yaliyowapata watoto wa aina yake katika kanda hii hakuna aliyeyasahau. Mama wa mtoto anafanya kazi Nzega, kwa hiyo ulinzi wote ulikuwa juu ya bibi. Na ulinzi wenyewe ulikuwa chumba cha nyuma, dirisha limezibwa kwa gunia. Mtoto alishinda humo tangu alipoanza kutambaa. Ukiuliza hali yake, Bibi Josepha alikutazama kuanzia miguuni, na kesho yake shikamoo yako haikuitikiwa. Alizoea kusema kwamba njia hii imepitisha wageni tangu misafara ya Ujiji, na kila mgeni alikuwa na jambo lake.

Basi akaja nesi Theodora wa zahanati, anatafuta watoto walioacha kuletwa kliniki. Aligoma kuondoka mpaka Levina alipotolewa nje. Nilichungulia uzioni, na moyo uliniuma. Mtoto alikuwa amefanya matege, anatembea kwa kuyumba huku ameshika ukuta.

Nesi alieleza taratibu. Ngozi ya mtoto huyu huungua haraka, hilo bibi alikuwa sahihi, lakini kumnyima jua kabisa kumedhoofisha mifupa yake. Apelekwe hospitali akapewe dawa ya matone, ale dagaa na maziwa, na kila asubuhi atoke kidogo, jua likiwa bado changa, kofia kichwani. Likianza kuwa kali arudi ndani. Akilazimika kutoka mchana, avae mikono mirefu na apakwe mafuta ya kuzuia jua. Akicheleweshwa, miguu itakomaa ikiwa imepinda hivyo hivyo.

Bibi Josepha alisikia jambo moja tu: mtu asiyemjua anataka mtoto awe nje kila siku saa ileile.

"Nani amekutuma?" alimuuliza. Kisha akanitazama mimi.

Chupa ya mafuta ilipotolewa, alimtaka nesi ajipake kwanza. Nesi akajipaka mikono yote miwili. Haikutosha. Mbuzi mweupe wa bibi naye akapakwa sikio, akashinda kutwa na sikio linalong'aa. Matone ya hospitali aliyaonja mwenyewe kabla ya mtoto.

Lakini alikuwa ameiona ile miguu, na hofu nayo ina mipaka. Akauhamishia uchanja wake wa michembe nyuma ya nyumba, akauzungushia turubai. Kila asubuhi alipokuwa akitandaza vile vipande vya viazi vikauke, Levina alikaa pembeni na kofia yake ya ukindu. Bibi akimaliza kutandaza, mtoto anaingia ndani. Panga lilikaa juu ya uchanja, katikati ya michembe.

Mwaka ulipita namna hiyo. Siku moja alikuja mlangoni kwangu, mwavuli mkononi. Alisema anaitwa parokiani, akaniomba nimwanikie michembe na nikae na mtoto. Nilifurahi mno, sitaficha. Nilimsindikiza kwa macho mpaka alipopotelea kwenye kona, nikaona miaka yote ile ya kutazamwa vibaya imekwisha.

Nilikuwa natandaza kipande cha mwisho niliposikia chafya nyuma ya bani lake la kukaushia tumbaku. Ilikuwa chafya ya ugoro, na kijiji kizima ni Bibi Josepha peke yake anayenusa ugoro asubuhi. Nilikasirika, nikatamani kumwaga michembe yote chini. Badala yake nikamwambia Levina jua limekuwa kali, twende kwangu tukanywe chai.

Macho ya Levina hayaoni mbali, lakini masikio yake ni mazima. Alisukuma turubai, akaukata ua wote peke yake kuelekea banini, hakushika kitu. Sikuwahi kumwona akitembea mbali hivyo. Magoti yalikuwa yamenyooka.

"Bibi," alisema, "jua limekuwa kali na wewe huna kofia. Mama Benjamini amesema twende kwake."

Bibi Josepha alitoka, majani makavu ya tumbaku kwenye kilemba, mwavuli umekunjwa kwapani. Hakunitazama. Aliitazama miguu ile mpaka machozi yakamtoka, akaushika mkono wa mjukuu wake na kuingia nyumbani kwangu kwa mara ya kwanza.

Alikaa akiegemea ukuta, uso kuelekea mlangoni. Nilimimina chai vikombe vitatu. Akasubiri mpaka nikanywa changu, ndipo akanywa.