Minti ya Nyuma ya Tangi

Nyinyi vijana mtakaosoma hii, najua dania mnanunua ikiwa imefungwa na uzi, na hamjui kama ilikaa kwa jua ama kwa kivuli. Mimi shule niliacha darasa la tatu, kwa hivyo nitaeleza tu vile nilifanya, na pale nilikosea nitasema nilikosea.

Tulihamia Kitengela miaka ya tisini kutoka Ukambani, mume wangu alipopata kazi ya simiti Athi River. Wakati huo ukisimama mlangoni unaona swara. Udongo wa huko ni mweusi. Jua likiwaka unapasuka mpaka mguu wa kuku unaingia, na mvua ikinyesha unashika kiatu unabaki nacho.

Nyuma ya nyumba, kati ya ukuta na tangi la maji, kulikuwa na kipande ambacho jua linapita asubuhi kidogo halafu linaondoka. Mume wangu alisema hapo ni pa kuni. Nilichimba mpaka magotini, nikatoa ule udongo mweusi, nikajaza mwekundu uliochanganywa na mbolea ya mbuzi. Dania nikapanda katikati, kwa sababu kwa kivuli haikimbilii kutoa maua. Mchaichai nikaweka pembeni, pale jua linagusa. Rozimari nilijaribu mara mbili ikafa mara mbili, haipendi kivuli, nikaachana nayo. Minti nikaipanda ndani ya karai lililotoboka, nikalizika mpaka shingoni, maana minti ukiiachia inachukua shamba lote.

Hiyo minti ilikuwa ya mama yangu. Alikuwa ameshakufa, na ndugu zangu walikuwa wamelima uwanja wake wote wakapanda mahindi. Shina nililobeba kwa gunia lenye maji ndilo lilibaki. Kwa hivyo nilikataza mtu yeyote kugusa, hata jani la chai nilikata mwenyewe.

Sasa, njia ya kwenda kisimani ilipita nje ya ua wangu, karibu na hapo. Jirani yetu, mama mmoja Mmasai mwenye umri kama wangu, alipita kila asubuhi. Alikuwa anasimama, anaangalia kwenye minti, anasema, "Takwenya."

Kimasai nilijua "supa" peke yake, kwa sababu ndiyo wanaume walisalimiana nayo barabarani. Nikaona huyu mama anaangalia minti akisema takwenya, basi takwenya ni jina la minti na anaiomba. Nikamjibu, "Haiko." Akaniangalia, akaenda. Kesho yake akarudi, takwenya. Haiko. Tuliendelea hivyo karibu mwaka mzima. Nilisema moyoni huyu mama ni mwombaji sugu, anaona majani kwa macho yake na bado hachoki.

Halafu mvua ilikuja ikakaa wiki nyingi. Ule udongo mweusi uliozunguka shimo langu ulishika maji kama sufuria, na kwa kivuli hayakukauka. Nilichimba mfereji nikiwa nimechelewa. Dania ilioza, hiyo si kitu, mbegu iko. Lakini nilipong'oa karai, mizizi ya minti ilikuwa myeusi na inanuka. Nilitafuta hata kipande kimoja cheupe cha kurudisha udongoni. Hakukuwa.

Mke wa mwanangu, aliyekuwa anakaa na sisi, alisimama hapo akinitazama nikichambua matope. Akasema polepole, "Mwaitu, iko nyingine. Iko kwa yule yeyo, yule mama Mmasai wa ng'ambo. Nilimpa shina."

Nilimuuliza kwa nini amempa na nilikataza. Akasema aliona aibu. Nikamuuliza aibu ya nini. Yeye amezaliwa Kisaju, amekua na Wamasai, basi akanieleza vile mtoto anaelezwa: takwenya ni salamu ya wanawake, na anayesalimiwa anajibu "iko". Mimi mwaka mzima nilikuwa nasalimiwa nikijibu haiko. Alijua tangu mwezi wa kwanza, lakini aliogopa kuniambia. Hapo sikumgombeza. Ni kweli nilikuwa mtu wa kuogopwa.

Nilinawa miguu nikaenda. Yule mama alikuwa ameketi mlangoni kwake anashona shanga. Minti ya mama yangu ilikuwa kwa mtungi uliokatwa, umeinuliwa juu ya mawe, kwa kivuli cha banda la mbuzi. Ilikuwa imejaa. Maji yalikuwa yamepita chini yake.

Akaniangalia mpaka nikafika karibu. "Takwenya."

"Iko," nikasema.

Akaweka shanga chini. "Leo iko? Mwaka mzima haiko, leo imetoka wapi?"

Nikamwambia nilidhani anaomba minti. Alicheka mpaka akashika mbavu, akaita binti zake waje wasikie. Akasema majani hakuwa anataka, mbuzi wake ndio wanakula majani. Alikuwa anaangalia minti kwa sababu mimi mwenyewe nilikuwa nimeinama hapo kila asubuhi. "Nikasema huyu Mkamba amekataa salamu, basi nitamsalimia mpaka achoke."

Alinichimbia mashina matatu yenye mizizi, hakuuliza kitu. Mimi niliyapanda kwa mtungi juu ya mawe, kama yake, na mpaka leo minti sipandi chini kwa udongo huo.

Jioni nikaita watu wote wa nyumba, mume wangu pia. Nikawaambia minti ni ya kukatwa na kila mtu, na yule mama akisimama kwa ua apewe ya kwanza. "Na akisema takwenya, mjibu iko. Hata siku ambayo hakuna kitu kwa nyumba hii, mjibu iko."